Methali zenye vitu ambavyo watoto hawajaviona: kibaba, ngama, joshi, mbacha, kibindo

MwalimuMethali (Wete)

Assalamu alaikum wakubwa na wadogo.

Nasomesha Kiswahili darasa la sita. Watoto wanazijua methali kwa kichwa. Ukiwapa nusu ya kwanza wanakumalizia ya pili bila ya kukosea. Lakini waulize ngama ni kitu gani, kimya. Waulize kibaba, mmoja atasema ndoo, mwengine atasema mfuko. Maana wanazoziandika kwenye mtihani ni zile walizozinakili ubaoni, na wakitakiwa kuitumia methali kwenye insha wanaichomeka pasipo mahala pake.

Nataka niandae vipindi ambavyo kitu chenyewe kitakuwepo mezani, au tukitengeneze kwa mikono yetu. Methali nilizochagua kwa muhula huu ni hizi: Haba na haba hujaza kibaba. Hamadi kibindoni, silaha mkononi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Dau la mnyonge haliendi joshi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa kila kimoja naomba mnieleze kinafanyaje kazi, kipimo chake, na kinaharibikaje. Ule ufafanuzi wa "methali hii inatufunza umuhimu wa..." ninao wa kutosha. Ninachokosa ni kazi yenyewe iliyoizaa methali.

PishiMbili

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Naanza na kibaba, maana ndicho chepesi kukitengeneza na ndicho kinachoelezwa ovyo kuliko vyote.

Kibaba ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hivyo pishi moja ni vibaba vinne. Wanafunzi wako wanaosoma chuoni (madrasa) watashika upesi ukiwaambia kwamba kibaba ndiyo mudi na pishi ndiyo swaa ya zakatul-fitri: mudi nne, swaa moja. Siku hizi pishi ya chakula hukadiriwa baina ya kilo mbili na nusu na kilo tatu, basi kibaba cha mchele kinaangukia kwenye gramu 625 hadi 750. Anayekwambia kibaba ni kilo amekosea.

Kukitengeneza: chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, za aina moja. Jaza moja, mimina nusu kwenye ya pili mpaka maji yalingane, tia alama kwenye mstari wa maji, kata hapo. Hiyo ni robo tatu ya lita, na ni kibaba kizuri cha kusomeshea.

Sasa namna ya kupima. Kipimo cha mfuto ni kile kinachopanguswa juu kwa kiganja mpaka nafaka iwe sawa na mdomo wa chombo. Kuna na kile kinachoachwa kichuguu juu yake. Baina ya hivyo viwili tofauti si ndogo, na ugomvi wa sokoni ulikuwa hapo hapo. Ukikigonga chombo chini mara tatu nne, nafaka hushuka na kupatikana nafasi ya konzi nzima. Ukikimimina polepole kutoka juu bila ya kukigusa, kinaonekana kimejaa na ndani kuna hewa. Kitako kikiwa kimebonyea kuja ndani, mnunuzi kapunjwa kabla hajafungua mdomo. Wape watoto mchele ule ule waupime kwa njia zote hizi, waandike majibu.

Kisha methali yenyewe. Weka kilo moja ya mchele kwenye sinia na kibaba kitupu pembeni. Kila mtoto apite atie konzi moja. Konzi la mtoto wa umri huo ni gramu 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo kibaba kitajaa baada ya watoto ishirini na kitu. Ukishamwaga, waambie watie punje moja moja kwa dakika tano: hata kitako hakitofunikwa, kwa sababu punje 1,000 za mchele ni gramu 20 hivi tu, na kibaba kizima ni punje kama 30,000. Hapo wataona kwamba "haba" ya methali haina budi iwe kitu cha kushikika mkononi, kinachorudiwa kila siku. Ndiyo ile desturi ya majumbani ya kurudisha konzi moja ya mchele kwenye mtungi kila unapopimwa mchele wa kupika. Konzi la mtu mzima ni gramu 35 au zaidi kidogo. Wiki mbili na nusu, kibaba hicho.

Na hapa ndipo penye uzito wake. Zamani kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku. Aliyejaza kibaba amejaza siku moja ya tumbo. Methali ilikuwa inazungumzia kula kwa kesho, si utajiri. Nashauri msisitize hilo, kwa sababu wanafunzi wanaitumia kwa tajiri aliyejenga ghorofa, na haimkai.

Mwisho, toboa tundu dogo chini ya kile kibaba cha chupa, tundu la kupita punje moja, halafu warudie kutia konzi. Hapo umeshaingia kwenye Bandubandu huisha gogo bila ya kuhangaika.

FundiMkuku (Nungwi)

Mwalimu, mbili za baharini niachie mimi.

Ngama kwanza. Chombo kina ncha mbili: omo ni mbele, tezi ni nyuma kwenye usukani. Ngama ni pale chini kabisa tumboni mwa chombo, ambapo maji yote yaliyoingia hukusanyika na ndipo yanapofuliwa, yaani kuchotwa na kumwagwa nje, kwa upo, kata ya kuchotea maji. Hakuna chombo cha mbao kisichoingiza maji. Mengine hupenya kwenye maungo ya mbao, mengine hurushwa na wimbi, mengine ni mvua. Baina ya ubao na ubao hupigiliwa kalafati, yaani nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, kwa chembeu butu na nyundo ya mti. Chombo kikikaa sana juani nchi kavu, mbao husinyaa na kalafati hulegea. Siku kikishushwa kitavuja mpaka mbao zinywe maji zivimbe tena. Chini hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Pamoja na yote hayo, maji yataingia.

Sasa yanafikaje ngamani? Mbao za ubavuni zimeshikwa na mataruma, ndiyo mbavu za chombo, na chini ya kila taruma, karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, fundi anaacha upenyo mdogo maji yapite. Maji ya omo yanateremka, maji ya tezi yanateremka, yote yanakutana. Upenyo ukizibwa na taka, vipande vya makuti au punje za mzigo, maji hubaki upande mmoja na chombo huinamia huko. Baharia anayejua kazi akiona chombo kimezama pua, kabla ya kulaumu mzigo hupitisha kidole kwenye matundu hayo.

La kufanya darasani: tafuta karara la mnazi lililokauka. Tayari lina umbo la mtumbwi. Tia maji kikombe kimoja, shika ncha mbili, inamisha huku, inamisha kule. Maji yatakimbilia omo, yatakimbilia tezi, na ukiliacha sawa yatarudi tumboni. Hiyo ndiyo methali yote. Anayetembea ndani ya chombo ni hivyo hivyo: baina ya omo na tezi hakuna safari, na kazi inayomngoja ni ile ile ya kufua maji. Waeleze watoto kwamba hutumika kwa mtu anayezunguka kote akitafuta pa kushikia, naye marejeo yake yanajulikana. Si ya kumwambia msafiri anayeaga, itakuwa kama umemwombea safari yake isifike.

Joshi. Upande unaotoka upepo ndio joshi, upande unaokwenda upepo ni demani. Kwenda joshi ni kuupandia upepo. Hapana chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo uso kwa uso. Tanga hupiga kofi na chombo husimama. Jahazi letu zuri, lenye tanga moja la pembe tatu kwenye foromali (mti unaofungiwa tanga), huweza kuukaribia upepo kwa pembe ya digrii 60 hivi. Kwa hiyo hubisha: huenda upande mmoja, hugeuka, huenda upande wa pili, kama nyoka. Chora ubaoni pembe hiyo na watoto wapige hesabu. Ili usogee maili moja kwenda upepo unakotoka, chombo kinakata maili mbili za maji, hapo hujahesabu kusukumwa ubavu.

Dau la mnyonge linashindwa kwa sababu zinazohesabika. Tanga lake ni kuukuu, kitambaa kimevutika na kimefanya tumbo, na tanga lenye tumbo haliupandii upepo hata ulikaze vipi. Farumi ni pungufu: bila ya mchanga au mawe ya kutosha chini, upepo wa ubavuni hulilaza dau, na dau lililolala husukumwa demani kuliko linavyokwenda mbele. Watu ni wachache: kila likigeuka, foromali lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, mmoja ameshika usukani, mmoja demani ya tanga (hapa ni kamba ya kukazia tanga), wengine wanazungusha foromali, na aliye peke yake hupoteza kwenye kugeuka kila alichokipata. Na linavuja, basi mmoja kati ya hao wachache yuko ngamani na upo. Kila sababu inavuta nyengine. Methali haimtukani mnyonge. Inasema kwamba kuupanda upepo kunataka vitu vinne kwa pamoja na yeye hana hata kimoja kamili. Ndiyo maana imemaliziwa: likienda joshi ni Mungu kupenda.

Mkojani_wa_Bahari

Fundi kasema kweli. Naongeza msimu, kwa sababu mtoto wa Pemba atauliza joshi ni wapi.

Joshi haina mahala pamoja. Kaskazi ikivuma, baina ya Disemba na Machi, chombo kinachotoka Pemba kwenda Unguja kinasukumwa na upepo wa nyuma, hata dau la mnyonge linafika. Kusi ikishika, Juni mpaka Septemba, safari ile ile inakuwa ya kuupandia upepo, na mkondo wa bahari yetu unaelekea kaskazini na wakati huo unaongeza kasi. Chombo dhaifu kinaweza kubisha mchana kutwa na jioni kikauona mnazi ule ule kilioanza nao. Kwa hiyo mwerevu asiye na chombo kizuri hungoja msimu. Nadhani hilo lafaa kuambiwa watoto pamoja na methali, ili wasidhani kwamba mnyonge kaambiwa akae tu.

Kibindo ni mkunjo wa nguo kiunoni wa kuwekea pesa. Mlete darasani mtoto mmoja na kikoi cha pamba. Kikoi kizungushwe kiunoni kibane, kisha pindo la juu likunjwe kwa nje mara moja. Hapo, mbele kidogo ya nyonga, weka sarafu mbili au noti iliyokunjwa mara nne. Halafu viringisha pindo mara mbili zaidi kiuno kizima, ncha uichomeke ndani. Pesa inakuwa imebanwa baina ya mikunjo. Mwambie aruke, achutame, akimbie mpaka mlangoni na kurudi. Ikiwa kakunja vyema haitoki.

Inapotoka sababu ni moja kati ya hizi. Kaiweka kwenye mkunjo wa mwisho, akichutama pindo linafunguka. Au kaiweka katikati ya tumbo, akiinama mikunjo inalegea. Au kikoi si cha pamba, ni kitambaa kinachoteleza. Pamba ikiroa hubana zaidi, ndiyo maana mvuvi aliyeingia majini mpaka kifuani anatoka na pesa yake.

Na silaha mkononi ni hivyo hivyo. Panga lililobaki nyumbani si silaha ya njiani, na pesa unayomdai mtu si hamadi, yaani akiba uliyonayo. Mtoto akikuuliza mfano wa leo, mwambie: nauli uliyonayo mfukoni ndiyo hamadi, uliyoahidiwa na ami yako siyo. Wengi wanaichanganya hii na Haba na haba wakazifanya zote mbili za kuweka akiba. Ya kibaba ni namna ya kukusanya. Ya kibindo ni kuwa nacho ulipo, saa ile shida inapokukuta.

BiUkili

Mwalimu wangu, mbacha usiutafute dukani, hauuzwi. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na kila nyumba upo, ama umeviringishwa nyuma ya mlango ama umetandikwa uani pa kuchambulia mchele. Waambie watoto walete.

Ili wauone uchakavu, kwanza waujue mkeka. Mkeka husukwa kwa ukindu, yale majani machanga ya mkindu ambayo hayajafunguka. Huanikwa juani siku kadhaa mpaka yawe meupe. Ya rangi huchemshwa na rangi yake, huanikwa tena kivulini. Huchanwa nyuzi za upana mmoja; hapo ndipo penye mkono wa mtu, kwani uzi mmoja ukizidi upana utepe unapinda. Kabla ya kusuka hulowekwa kidogo au hunyunyiziwa maji, kwa kuwa ukindu mkavu hukatika kwenye kila kona ya msuko. Kinachosukwa ni utepe mrefu, ndio ukili. Ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana wa mkeka, kisha hupigwa pindo pembeni.

Kwa hiyo mkeka una sehemu mbili za kufa: mshono na pindo. Ukindu wenyewe hudumu. Pindo likifumuka usilishone siku hiyo, nyuzi za ukili zinaanza kutoka moja moja na hapo mkeka unakwenda haraka. Mshono hukatika pale mkeka unapokunjwa kama shuka, badala ya kuviringishwa. Sakafu yenye unyevu huleta ukungu na madoa meusi upande wa chini, na upande huo watu hawauangalii. Ugeuzwe kila wiki, upigwe vumbi, uanikwe jua la asubuhi tu. Jua la mchana kutwa linaufanya mkavu ukavunjika.

Sasa wape watoto mbacha na waulize: nini kimebaki kizima? Wataona katikati pazima, pindo limekwisha. Mbacha hauna sura, lakini unalaliwa, na sindano na uzi kwa saa moja jioni unaurudisha kazini. Hiyo ndiyo "mbachao" ya methali, mbacha wako mwenyewe. Msala ni mkeka wa kusalia, mdogo, aghlabu mzuri wa rangi, na ule wa methali ni wa mpita njia. Mwenyewe akishasali ataukunja na kwenda nao. Ubaya hauko kwenye upya wake, ni kwamba si wako na haukai.

Naomba sana usiwaache watoto wakaitumia kwa kila mtu anayebadilisha kitu. Aliyenunua mkeka mpya kwa pesa yake hajaacha mbacha kwa msala upitao. Aliyemtupa mke wa miaka mingi kwa mgeni wa msimu, au aliyeacha kibarua cha kudumu kwa ahadi ya mtu anayepita, huyo ndiye. Methali hii inaumiza, isemwe na mtu wa karibu na isemwe faragha.

MwalimuMethali (Wete)

Mungu akulipeni kheri nyote. Karara na kile kibaba cha chupa nimeshavipanga kwa wiki ijayo, na za mbacha nitaomba watoto watatu walete ili tulinganishe.

Nina suala moja linanikera kila mwaka. Wanafunzi wanasema methali zinapingana, na naona wana haki. Haraka haraka haina baraka, lakini Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mstahamilivu hula mbivu, lakini Ngoja ngoja huumiza matumbo. Jibu la "kila moja ina mahala pake" halimtoshi mtoto wa miaka kumi na mbili. Kuna kazi ya mikono inayoweza kumwonyesha?

Na ngoma bado.

Mfinyanzi_Mwekundu

Mwalimu, ufinyanzi. Ndani ya chungu kimoja zimo methali zote mbili, na mtoto ataziona kwa macho.

Udongo uwahi ungali maji. Udongo wa kufinyangia huchimbwa, hutolewa mawe na mizizi, hulowekwa, hukandwa na kutiwa mchanga laini kidogo ili usipasuke. Ukishakuwa wa kufinyangika una muda wake. Kwenye joto letu, bonge lililoachwa wazi mezani huanza kukauka nje kabla ya ndani, na ukilikunja linafanya nyufa kama ganda la mkate. Mkono wa kikombe ukibandikwa wakati mwili umeshakauka, utashika leo na kudondoka siku ya tatu, kwa sababu kibichi kinasinyaa na kikavu hakisinyai tena. Kwa hiyo mfinyanzi anafanya haraka. Hapo anayengojangoja anapata hasara.

Chungu kikishasimama, methali inageuka. Sasa aliye na haraka ndiye anayeharibu. Kikaushwe kivulini, kisipigwe na upepo upande mmoja, kifunikwe kitambaa siku za mwanzo. Wiki moja kwa chungu kidogo, mbili au zaidi kwa kikubwa chenye kitako kinene. Kikianikwa juani siku ya kwanza, mdomo unakauka kabla ya tumbo na ufa unaanzia mdomoni. Na kikitiwa motoni kingali na unyevu ndani ya kitako, maji yale yanakuwa mvuke, mvuke hauna pa kutokea, chungu kinapasuka kwa mlio na kuvunja na vya jirani zake. Kukijua kimekauka, kiweke shavuni: kikiwa baridi bado kina maji.

Fanya hivi darasani. Kila mtoto afinyange vikombe viwili vidogo, unene wa kidole kimoja. Kimoja akianike juani papo hapo, kimoja kivulini chini ya kitambaa. Na bonge la tatu liachwe bila ya kufanywa kitu mpaka kesho yake, kisha wajaribu kulifinyanga. Kesho hiyo watakuwa na vitu vitatu mkononi: kilichoharibiwa na haraka, kilichoharibiwa na kuchelewa, na kizima. Hapo waulize wao wenyewe ni methali gani ya kumwambia nani, na saa ngapi ya kazi. Msitie motoni, haina haja.

Mfano huo huo wa udongo uko na jikoni: Samaki mkunje angali mbichi. Samaki aliyetoka majini hukunjika mkia mpaka mdomoni. Baada ya saa chache anakakamaa, na ukimkunja hapo nyama inafunguka ubavuni na akichomwa anamwagika mafuta yote.

NgomaYaMsondo

Ngoma basi, Mwalimu, na hii wengi wanaijua nusu.

Kuwamba si kazi ya mtu mmoja. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe, kwa ukubwa wa ngoma, hulowekwa maji usiku kucha mpaka iwe laini kama kitambaa, hukwanguliwa manyoya kwa kisu kisicho kikali sana, hukatwa ikizidi mdomo wa mzinga wa ngoma kiasi cha shibiri pande zote. Huwekwa juu ya mdomo, na wawambaji hukaa wakikabiliana. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule kwa nguvu ile ile, na mambo, yaani vijiti vya kushikia ngozi, hupigiliwa moja moja kwa jozi: umepigilia mashariki, ya pili ni magharibi yake, kisha kaskazini na kusini, halafu zile za kati. Ukizifuata kwa mpangilio wa duara, ngozi yote inahamia upande ulioanzia.

Ndiyo maana methali imesema mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyeshika ngozi hana namna nyengine ila kuivuta upande wake; ndiyo kazi aliyopewa. Ngoma inakaa sawa kwa kuwa kuna mwengine ng'ambo naye anavuta. Akiwa peke yake, hata akiwa na nia nzuri, ngozi itaelemea kwake: upande mmoja mkavu wa mlio mwembamba, upande wa pili umelegea na mlio wake ni mzito. Tena ikikauka inachanika kwenye tundu la mambo la upande uliovutwa zaidi, si penginepo. Watu wanaitumia kumlaumu mchoyo, na ni sawa, lakini naona inafaa zaidi pale mtu mmoja anapoachiwa agawe mirathi, apange safu ya timu, au ahukumu shauri linalomhusu. Ukimwachia peke yake, umeshajua ngozi itakwenda wapi.

Ikishawambwa, ngoma hukaushwa kivulini siku mbili tatu. Kabla ya kupigwa hupashwa moto wa makuti, kwa mbali, ikizungushwa. Unyevu wa usiku hulegeza ngozi hata ikiwa imewambwa na mabingwa. Ikisogezwa karibu mno hukakamaa na kupasuka kofi la kwanza.

Kwa watoto huhitaji ngozi. Chukua kopo la maziwa, mpira wa ndani wa gurudumu la gari uliokatwa kipande cha mraba, na kamba. Mara ya kwanza mtoto mmoja avute peke yake upande mmoja huku mwenzake akifunga kamba. Wapige, wasikilize mlio wa kila pembe. Mara ya pili wawe wanne, wawili wawili wakikabiliana, wavute kwa pamoja kisha wa tano afunge. Tofauti wataisikia wenyewe. Mdomo wa kopo uwe umepondwa kwanza kwa jiwe, kwa sababu ukingo wake mkali hukata mpira, na vidole pia.